Grupu la darasa na picha ya jani: niliyojifunza kwa kufundishia kwenye simu

Nafundisha ulinzi wa mimea, yaani wadudu waharibifu, magonjwa ya mazao na viuatilifu, kwenye chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya somo langu inafanyikia kwenye simu za wanafunzi. Kila darasa lina grupu la WhatsApp ambalo CR, yaani kiongozi wa darasa, analifungua wiki ya kwanza tu, mwalimu awepo asiwepo grupu lipo, humo ndo venue inabadilishwa, noti zinarushwa, na usiku wa kuamkia test watu wanaulizana "jamani inatoka mpaka topiki ya ngapi". Kwahiyo mwalimu anayejiuliza kama atumie mitandao ya kijamii kufundishia kwa kweli amechelewa, darasa lake liko huko siku nyingi, kilichobaki ni kuamua akiingia humo anaenda kufanya nini.

Msimamo wangu nauweka mapema. Grupu ambalo mwalimu anarusha pdf na wanafunzi wanajibu "asante madam" halifundishi kitu. Linaanza kufundisha pale mwanafunzi anapolazimika kuangalia kitu kwa macho yake mwenyewe, akakisemea mbele ya wenzake, na wenzake wakambishia.

Korona ndo ilitusukuma wengi. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa hapa nchini tarehe 16 Machi 2020, siku mbili baadaye vyuo vikaambiwa vifunge, wanafunzi wakatawanyika makwao hadi tarehe 1 Juni. Mfumo wa chuo wa kusomea mtandaoni, Moodle, ulikuwepo, ila kwa mtu aliyeko kijijini huko Ludewa anayepanda kilima kutafuta mtandao Moodle ni kitu cha mbali sana, ukurasa unazunguka unazunguka mpaka bando linakata. Walimu wengine wakajaribu Zoom, ikawa wanaohudhuria ni wale wa mjini wenye waifai na waliobaki wanaomba radhi kwa meseji. Mimi nikashika voisi fupi fupi za WhatsApp, dakika tatu nne, kila voisi na wazo moja tu, maana sauti inakula MB kidogo kuliko video na mtu anaweza kuisikiliza huku anaendelea na kazi za nyumbani, na kipindi kile wengi walikuwa wamekabidhiwa jembe siku ileile waliyofika.

Tiki za bluu zilikuwa zinakuja vizuri tu. Wamefungua, wamesikiliza, halafu kimya. Na ule ukimya ndo ulinifundisha kwamba tiki ya bluu inakwambia simu imefunguliwa na haikwambii chochote kuhusu kichwa cha mtu.

Mambo yakageuka kwa picha moja. Kijana aliyekuwa kwao Kongwa alituma picha ya mmea wa mahindi akaandika "madam hawa ni wadudu gani wanatumaliza huku". Jibu nilikuwa nalo, ukifanya kazi hii mda mrefu unalijua hata kabla picha haijamaliza kufunguka, ila nikaandika hivi: kabla sijasema chochote, kila mmoja aniambie anaona nini, sitaki jina la mdudu, nataka mnachokiona. Mmoja akasema majani yametoboka. Nikamuuliza yametobokaje, yameliwa kutoka pembeni au yamekwanguliwa katikati? Akarudi akaikuza picha, akasema kuna sehemu zimekwanguliwa upande mmoja zimebaki kama nailoni, mwanga unapita. Mwingine akaona kwenye moyo wa mmea kuna chengachenga zilizolowana, akauliza hicho si kinyesi cha mdudu jamani? Hapo grupu likachangamka, wakagawanyika, kuna waliosema hao ni viwavijeshi vamizi, si ndo walioingia Afrika mwaka 2016 na huku kwetu wakaonekana 2017, na kuna waliong'ang'ania ni funza wa mabua kwasababu funza naye akiwa mdogo anakwangua majani hivyohivyo, na hawa wa pili hoja yao ilikuwa nzito kwelikweli, sio ya kupuuza.

Nikamwambia yule kijana kesho amka mapema jua halijawaka, maana likishapanda wanajificha ndani kabisa ya moyo wa mmea, ufungue mmoja mmoja umtoe, umpige picha kichwani na karibu na mkia. Asubuhi yake picha zikaja. Kichwani ile alama ya Y iliyogeuzwa chini juu, inaonekana bila miwani, na karibu na mkia madoa manne meusi yamejipanga mraba. Ubishi ukaisha palepale bila mimi kutamka. Waliosema funza wakauliza sasa funza angekuwaje, na hapo ndo nikatuma voisi ya dakika tatu, na hiyo voisi ilisikilizwa na watu waliokuwa wanaitaka. Kwenye mtihani wa semista ile swali la kuwatofautisha wadudu hawa wawili lilijibiwa vizuri kuliko nilivyowahi kuona miaka yote niliyolifundisha kwa slaidi.

Tangu hapo huo ndo ukawa utaratibu. Picha kwanza, jina mwisho. Wakienda fildi, na kwenye kilimo fildi ni kitu kikubwa, watu wanasambaa mikoa yote, kila kundi lina zamu ya kuleta tatizo moja kutoka shambani. Na picha ina masharti. Inatakiwa picha ya shamba zima ili tuone kama tatizo liko kote, au limekaa kwa mabaka, au pembezoni tu, halafu mmea mzima, halafu jani kwa karibu, juu na chini, na pembeni ya jani pawekwe sarafu ya shilingi mia mbili ili tujue ukubwa. Na itumwe kama dokumenti, isitumwe kama picha ya kawaida, kwasababu WhatsApp ikituma picha kawaida inaibana na vile vitu vidogo vinapotea, vidoa vya ukungu vinageuka uji mtupu, pia taarifa za tarehe na mahali zilizoko ndani ya faili zinaondolewa. Ukituma kama dokumenti vyote vinabaki. Hii imetusaidia pia kwa wale wanaookota picha Google wakasema nimepiga leo shambani. Sarafu tu inamaliza kesi, ni ngumu kupata picha Google ina sarafu yetu juu ya jani la muhogo.

Sasa kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hata hizo picha, nalo ni lugha. Chuoni tunafundisha kwa Kiingereza, mtihani Kiingereza, slaidi Kiingereza. Ukiuliza swali kwenye ukumbi wenye watu mia mbili unapata mikono mitatu ileile ya kila siku, wengine wote vichwa chini, na ukiwa mwalimu mgeni utadhani hawajui. Njoo uwakute kwenye grupu saa mbili usiku. Binti ambaye sijawahi kusikia sauti yake darasani anaandika aya nzima kwa Kiswahili, anaeleza kwanini batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo, inasambaa haraka ukipanda vipando vya jirani bila kuvikagua, anamleta na nzi mweupe mwenyewe anayeueneza, anapanga hoja vizuri, anamrekebisha mwenzake kwa adabu. Elimu ilikuwemo kichwani mda wote, ilikosa mlango wa kutokea. Kwahiyo grupuni lugha ni huru, andika unavyoongea, changanya utakavyo, tukishaelewana wote nawaomba wawili watatu waiandike hoja ileile kwa Kiingereza cha mtihani na wengine waikosoe. Nimebishana na wenzangu wa idarani kuhusu hili, wapo wanaosema tunawadekeza, wanatakiwa wazoee Kiingereza. Mimi naona mtu akishaelewa jambo anatafuta maneno ya kulisemea kwa hamu, ila ukimpa maneno ya jambo ambalo hajalielewa anakariri, anamwaga kwenye karatasi, akitoka nje ya chumba cha mtihani kimeondoka chote.

Ukimya wa mwalimu nao ni kazi, tena ngumu. Ukijibu ndani ya dakika tano umeua mjadala, kila mtu anakaa anasubiri madam aseme. Mimi nikiuliza leo jioni nakaa kimya mpaka kesho saa mbili usiku, nasoma kila kitu, naweka emoji ya jicho kuonyesha nimeona, basi. Saa mbili hadi saa tatu ndo saa yangu ya kuwa grupuni, wanajua, nje ya hapo wanajibizana wenyewe. Hii imeokoa usingizi wangu kwa kweli, maana mwalimu asipoweka mipaka atapigiwa simu saa sita usiku "shikamoo madam samahani kwa usumbufu, eti kesho test inaanza saa ngapi". Lakini faida kubwa iko kwao. Wiki za kwanza wanahangaika, wananitagi kila dakika, kufikia katikati ya semista wameshajuana nani mzuri kwenye wadudu, nani mzuri kwenye ukungu, nani amekulia kwenye kahawa na anaijua chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, kuliko kitabu, wanaulizana huko.

Wenye aibu nimewawekea Telegram. Kule kuna poli ambazo kura haionyeshi ni ya nani, tofauti na za WhatsApp ambazo ukipiga jina lako linaonekana. Natuma swali moja lenye majibu manne, wanapiga kura bila kuonekana, halafu naona darasa zima limeegemea wapi. Siku nyingine nusu ya darasa inaangukia jibu ambalo sio, na hilo jibu ambalo sio ndo linaniambia kesho asubuhi nikaanzie wapi. Kwa mfano niliwahi kuwauliza jani la mahindi la chini limekuwa njano kuanzia nchani kwenda ndani kwa umbo la V, shida ni nini, wengi wakapiga kura kwenye ugonjwa wa virusi. Ule ni upungufu wa naitrojeni. Kumbe walikuwa hawajashika kwamba naitrojeni inahama kutoka majani ya chini yaliyozeeka kwenda machanga ya juu, ndo maana ya chini yanatangulia kuugua. Bila ile poli ningeendelea mbele na mada ya virusi nikawaacha huko nyuma.

Ila picha ina mwisho wake na hili nalisema sana kwa walimu wadogo wanaonifuata wakiwa na hamasa. Chukua muhogo. Batobato unaiona kwenye jani, limejikunja, lina rangi mbili, hata mtoto anaiona. Michirizi kahawia ni mjanja. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza miaka ya 1930 kutoka Amani kule Tanga, yaani ni wa kwetu tangu zamani, na mmea unaweza kusimama majani yanapendeza tu, labda yale ya chini yana umanjano kidogo pembeni ya mishipa ambao watu wanadhani ni uzee, kumbe chini mizizi imeoza, ina mabaka makavu ya kahawia, mkulima anakuja kujua siku ya kuvuna. Kundi moja lilileta picha nzuri sana za shamba likasema shamba ni zima. Nikauliza mmeng'oa? Hawakung'oa. Wakarudi wakamuomba mwenye shamba wang'oe mashina machache, wakakata mizizi kwa vipande wakapiga picha vipande vyenyewe. Darasa zima liliona lile jani zuri na ule mzizi ulioharibika kwenye skrini moja, la juu na la chini, na hapakuwa na haja ya mimi kutoa mhadhara kuhusu mipaka ya kuangalia kwa macho. Pia simu zenyewe hazilingani, mwingine skrini imepasuka, mwingine rangi zimefifia, njano yake kwako ni kijani. Kwahiyo hatutoi hukumu kwa rangi peke yake.

Video fupi nayo ina mahali pake, sio kila mahali. Mahali pake ni pale kitu kinapotembea. Nyanya inanyauka ghafla ikiwa bado kijani, je ni mnyauko wa bakteria au ni ule wa fangasi wa fusari? Unakata kipande cha shina karibu na mzizi, unakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, unasubiri dakika chache. Kama ni bakteria utaona uzi mweupe wa maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye shina, kama ni fusari hautokei. Hili nimelichora ubaoni miaka na miaka na halikai. Wanafunzi wangu wawili wakalirekodi jikoni kwao kwenye glasi ya chai, nyuma wameweka kanga nyeusi ili ule uzi uonekane, nusu dakika nzima hakuna anayeongea. Ni kifaa bora cha kufundishia nilichowahi kuwa nacho na gharama yake ni nyanya iliyokuwa inakufa. Nimeiomba ruhusa kwao, naitumia kila mwaka.

Tuje kwenye bando maana hapa ndo haki ya mwanafunzi ilipo. Bumu, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka watu wote wako hewani, wiki ya tano ya bumu grupu linapoa, na mwalimu asiyejua atasema hawana nidhamu. Wapo wenye kitochi kabisa. Kwahiyo mimi sijawahi kuweka kitu cha lazima ambacho kinapatikana mtandaoni tu. Kila swali la picha nalieleza pia kwa maneno, kiasi kwamba asiye na MB za kufungua picha anaweza kuchangia kwa kusoma maelezo. Kila Ijumaa CR anakusanya mjadala wa wiki kwenye pdf moja, wanarushiana kwa Xender bila kutumia data, na nakala moja inachapwa steshenari inabandikwa ubaoni. Wa fildi wanatuma picha zao usiku wakiwa na bando la usiku, kwahiyo siwawekei mwisho wa kutuma saa kumi jioni, naweka saa kumi na mbili asubuhi. Ni vitu vidogo hivi, lakini mwalimu asipovifikiria mtandao unakuwa njia nyingine ya kuwapa wenye nacho na kuwanyima wasio nacho.

Na mtandao wenyewe sio mama yako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima dunia nzima kwa karibu masaa sita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, Tanzania tukaumia vibaya, siku kadhaa intaneti inatambaa. Mwenzangu anayefundisha Uganda hawezi kutegemea Facebook tangu Januari 2021 ilipofungwa kule kabla ya uchaguzi, wanafunzi wanaingia kwa VPN au hawaingii. Ndo maana kwangu test haipo WhatsApp, marks hazipo WhatsApp, noti za msingi zipo kwenye Moodle na kwenye makaratasi. Mjadala ukikatika siku mbili hakuna aliyefeli.

Kuhusu marks naomba niongee kwa uzito. Nimeshaona matokeo ya darasa zima, majina kamili na namba za usajili, yamepigwa picha yakarushwa grupuni, mtu anajua amepata sup, yaani anarudia mtihani, kupitia emoji ya mwenzake. Hii haifai, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023 ni jambo lenye kesi ndani yake. Na namba za simu hivyohivyo. Kwenye grupu la kawaida la WhatsApp kila aliyemo anaiona namba yako, na linki ya kuingilia ikishasambaa anaweza kuingia yeyote. Nilikuwa na mwanafunzi wa kike aliyesumbuliwa inbox na mtu ambaye hata sio mwanafunzi, aliipata namba humo grupuni, akawa anapiga usiku. Binti akalefti grupu kimyakimya na kwa mwezi mzima akawa anakosa kila kinachoendelea, tukajua baada ya rafiki yake kunifuata ofisini. Toka hapo linki hairushwi hadharani, admini ni CR, makamu wake na mimi, kila anayeingia anathibitishwa kwa orodha ya darasa, na matangazo tumeyahamishia kwenye jumuiya ya WhatsApp, ile sehemu ya matangazo ambayo wanachama hawaonani namba. Telegram nako tunaficha namba, mtu anatumia jina la kujipa. Mwalimu wa kiume na mwalimu wa kike, wote, tuache kumfuata mwanafunzi inbox kwa jambo linaloweza kusemwa grupuni. Akikufuata yeye kwa swali la somo, mjibu, halafu muombe ruhusa uliweke swali grupuni bila jina lake.

Kitu ambacho sasa hivi nakipenda sana ni zoezi la viuatilifu. Facebook na TikTok zimejaa kilimo, mtu anakwambia changanya dawa hii na ile na sabuni ya unga kidogo kantangaze wote chali. Kwa asiyejua, kantangaze ndo Tuta absoluta, mdudu wa nyanya aliyeingia kwetu mwaka 2014 akawafilisi watu. Badala ya kuwaambia wanafunzi msiamini vya mtandaoni, nawaambia nileteeni. Kila kundi linachukua posti moja inayosambaa na kuikagua: kiuatilifu kilichotajwa kimesajiliwa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA? Lebo ina utepe wa rangi gani, nyekundu, njano, bluu au kijani, na rangi hiyo ina maana gani kwa anayepulizia? Dozi kwa lita ngapi? Siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna? Hiyo ya mwisho ndo inawatisha, maana nyanya mtu anapulizia Jumatano na Ijumaa ziko sokoni. Wakimaliza wanaandika jibu fupi kwa Kiswahili cha mkulima, tunalipitia pamoja, na likikubalika wanalipeleka kwenye magrupu ya wakulima kwa majina yao wenyewe.

Huko sasa ndo kuna walimu wa kweli. Mkulima hajali GPA ya mtu. Anamuuliza kijana wetu "hiyo dawa unayoisema inauzwa shingapi na huku Kilolo ipo duka gani", au "we umeshawahi kulima nyanya?" Mwanzo waliumia, wengine walitaka kufuta majibu yao. Nikawaambia msifute, kaulizeni bei. Wakaenda madukani kuuliza bei kweli, wakarudi wameelewa kwamba ushauri usio na bei ni nusu ya ushauri. Sasa kwenye ripoti zao za fildi kuna safu ya gharama bila mimi kuidai, na kuna wanaoanza na njia za bure, kuokota mayai ya viwavijeshi kwa mkono, kupanda mapema, kung'oa mimea iliyougua, kabla hawajataja chupa yoyote.

Huwa naulizwa na walimu wenzangu unaiwekaje hii kwenye koswaki, zile alama za kabla ya mtihani wa mwisho. Sihesabu meseji. Ukihesabu meseji utapata meseji, "nakubaliana na aliyetangulia" mara hamsini. Mwisho wa semista kila mwanafunzi anachagua michango yake mitatu, anaikopi, anaandika chini yake ni nani alimbishia na je alibadilisha mawazo, kwanini. Kama hakuchangia grupuni kwasababu ya simu au bando anachagua tatizo la shambani aliloliona na kulijadili na mtu yeyote, hata na bibi yake, anaandika hivyohivyo. Marks ni kumi tu kati ya arobaini. Kusoma hizo kurasa kunachukua mda mrefu, sitaficha, ila ni sehemu pekee ya kusahihisha ambayo naifanya nikiwa sijachoka, kwasababu naona mtu akifikiri. Siku hizi wengine wanaipa picha akili bandia iseme ni ugonjwa gani, na kuna apu ya PlantVillage Nuru inayoongea Kiswahili na kukagua muhogo hata bila mtandao. Siwakatazi. Jibu la mashine linaingia kwenye mjadala kama jibu la mwanafunzi mwingine yeyote, linaulizwa umeona nini mpaka useme hivyo, na lisipokuwa na sababu linakaa pembeni.

Kinachonisumbua kwa sasa ni kumbukumbu. Mijadala mizuri ya WhatsApp inafukiwa na "happy birthday" na matangazo ya hosteli, darasa likimaliza grupu linakufa na picha zote zinaenda nalo. Tumeanza na wenzangu wawili wa idarani kuzihifadhi zile bora, kwa ruhusa ya aliyepiga na ya mwenye shamba, kila moja na zao, wilaya, mwezi na maelezo ya mjadala ulivyokwenda, tukizipandisha kwenye chaneli ya Telegram ambayo wahitimu wanabaki nayo wakishaondoka. Baadhi yao sasa ni maafisa ugani huko wilayani na wanatuma kesi zao mpya humo. Juzi mmoja ametuletea migomba inayonyauka upande mmoja tu wa shamba, ametuma shamba zima na mmea mzima, picha ya shina lililokatwa bado, anasema mwenye shamba amemruhusu akate Jumamosi. Darasa la mwaka wa pili nimeshalipa hizo picha mbili za kwanza na wameanza kubishana.